Sauti ya Shabani Sebuleni Kwangu

Beni, Jumatatu, mvua imekatika sasa hivi

Mama Mariamu,

Pokea salamu zangu kabla hujaketi, maana ukishaketi na barua hii utanuna, na mtu aliyenuna salamu hazimwingii. Mimi ni mzima. Kichwa kipo mahali pake, tumbo lipo hata kuliko zamani, meno ni yaleyale unayoyajua ila moja. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na presha ya mama mkwe wangu? Mariamu na mume wake huko Lusangi, yule kijana bado anachimba mashimo ya dhahabu, au amerudia shamba kama alivyokuahidi? Na dada yako Mwavita na watoto wake, wameanza kulala vizuri? Uliniambia siku walipofika kutoka Kabambare walikuwa na sufuria moja na godoro nusu, na mlango ukigongwa tu mtoto mdogo anajificha nyuma ya mtungi. Niambie kama bado anajificha.

Barua hii inaletwa na Bwana Lukali wa Nyangwe, muuza samaki, yule mwenye kikohozi. Mpe maji, mpe chakula, lakini usimwulize habari zangu, ataziongezea chumvi.

Utasema: kwa nini barua, na simu ipo? Kwa sababu wewe simu unaiweka sauti kubwa, Mwavita anasikiliza, mama mkwe anasikiliza, anayepita njiani anasimama kusikiliza. Na jambo ninalotaka kusema ni la aibu kwa mwanaume wa miaka hamsini na mbili mwenye upara.

Uliniuliza, Alhamisi ile: “Baba Mariamu, unarudi, ao nizoee?” Nitakujibu humu humu, sikimbii. Lakini na mimi nina swali, na langu limetangulia lako kwa siku moja. Jumatano saa mbili asubuhi, Shabani alikuwa anafanya nini nyumbani kwangu?

Sidhani umesahau Shabani ni nani, lakini acha nikukumbushe jinsi mimi ninavyomkumbuka. Ni yule aliyepeleka posa kwa baba yako wiki mbili kabla yangu, na mfuko mzima wa sukari begani. Mimi nikaja na gauni nililokushonea mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Baba yako alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mtu anayechekesha hivi hawezi kumpiga binti yake. Ndivyo nilivyokupata, kwa mkono mrefu. Shabani akaenda kuoa Nyangwe, mke wake akafariki, Mungu amrehemu. Na leo ndiye shefu wa mtaa wetu, ana muhuri, ana pikipiki, na ana nywele zote. Muhuri ningeuvumilia.

Sasa nikueleze jinsi sauti yake ilivyonifikia huku, maana kwenye simu siku ile sikuweza kukueleza chochote.

Huku, kama unavyosikia kwenye redio, serikali imeweka utawala wa jeshi. Wenyewe wanauita eta de siej. Wakubwa wote ni watu wa mabuti, bariyeri za kukagua watu ziko kila kona, na saa kumi na mbili jioni kila mlango umefungwa, hata mlango wa fundi ambaye nguo ya harusi ya mtu imebaki kuwekwa vifungo tu. Sisemi ni vibaya. Wale wauaji wa msituni hawana huruma. Watu wa huku hata hawawataji, wanasema tu “wale”, na sauti inashuka. Wale wanaingia mashambani na panga, wanakata mtu aliyeinama kuvuna kakao yake, wanachoma nyumba, na askari wakifika wanakuta moshi. Halafu wanasema wanafanya hayo kwa jina la dini yetu. Basi sisi wa kanzu tunaogopa mara mbili, tunawaogopa wao, na majirani wanatuogopa sisi. Mama Masika, muuza maharage wa mlango wa pili, aliyekuwa ananiita kaka, mabomu yalipolia mjini siku moja, alipitisha wiki nzima ananisalimia akiwa amesimama mbali. Halafu akarudi na sahani ya maharage, akasema, “Kaka, unisamehe, ni woga.” Nikamwambia na mimi ninajiogopa nikijitazama kwenye kioo.

Nina mashati matatu meupe ya shule, kaptula mbili za buluu na sketi moja, yananing'inia ukutani. Mama mmoja wa kijiji cha njia ya mashambani aliniletea vipimo vya watoto wake. Nilimaliza Ijumaa kama tulivyopatana. Jumamosi wale wakapita kijijini kwao. Mama yule hakuja, na hakuna aliyeweza kuniambia kama yupo. Wateja wananiuliza kama nguo zile zinauzwa. Ninasema zina mwenyewe.

Basi. Kuna kaporali mmoja aliniletea suruali yake ya jeshi, imepasuka magotini, niitie viraka. Akasema atarudi kesho. Kesho yake kikosi chake kikapelekwa msituni, na mimi nikabaki na suruali. Ungekuwepo ungeniambia, “Baba Mariamu, toa kitu hicho ndani ya nyumba.” Hukuwepo. Niliikunja vizuri nikaiweka chini ya kanzu nne ninazoshona za Idi.

Jumatano asubuhi askari wakazunguka soko lote. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, kila mtu na karte yake ya kitambulisho mkononi. Yangu niliitoa mfukoni kwa majivuno, na hapo nikakumbuka kwamba mwezi uliopita niliifua pamoja na shati. Uso umefutika, jina limefutika, imebaki bendera tu na kidole gumba. Fikiria wewe mwenyewe walichokikuta: mwanaume wa mbali asiye na sura, kanzu nne, na chini yake suruali ya jeshi. Wale huwa wanavaa nguo za jeshi ili watu wawafungulie mlango. Hata mimi ningejikamata.

Wakanipeleka kwa kapiteni, mtu mnene mwenye macho mekundu ya kutolala. Nyuma yake kulikuwa na gari limeegeshwa, watu saba wameketi ndani. Sikuuliza linakwenda wapi.

“Wewe ni wa wapi?” akaniuliza.

“Kasongo, Maniema, kapiteni.”

“Kasongo iko mbali. Unatafuta nini huku?”

“Ninashona.”

“Unashona suruali ya jeshi?”

“Ni viraka tu, kapiteni. Vya magotini.”

“Suruali ni ya nani?”

“Ya kaporali.”

“Kaporali nani?”

Mama Mariamu, jina sikumwuliza. Unajua ugonjwa wangu, kiuno cha mtu sikisahau miaka kumi, jina lake linatoka kabla hajavuka mlango. Nikajibu nilichokuwa nacho: “Kiuno themanini na nne, mguu mrefu.” Askari mmoja akacheka. Kapiteni hakucheka.

“Iko mutu anakujua? Mutu wa kwenu, hapana wa hapa.”

“Mke wangu.”

“Mupigie. Weka sauti kubwa.”

Ukapokea, Mungu akubariki, mlio wa pili tu. Kapiteni akainama juu ya simu.

“Mama, mimi ni kapiteni. Niko na mutu hapa, anasema ni bwana yako. Jina yake nani?”

“Ni Baba Mariamu.”

“Hapana. Jina yake.”

“Ni mwenye nyumba hii.”

“Mama! Jina yenye baba yake alimupatia!”

Ukanyamaza.

Ninakujua. Miaka ishirini na sita hujawahi kulitamka jina langu. Hata siku ile ya hospitali, nesi alipouliza, ulichukua karte yangu ukamwonyesha kwa kidole. Mama yako hakulitaja la baba yako mpaka alipomzika, na bibi yako vilevile. Kwenu kulitaja jina la mume mbele ya watu ni kama kumvua nguo barabarani. Nilikuwa ninaipenda sana heshima hiyo mpaka Jumatano. Nilifungua mdomo nimweleze kapiteni, akainua mkono.

“Bibi hajui jina ya bwana yake,” akawaambia askari wake. Mmoja akanishika bega, akanigeuza kuelekea kwenye gari.

Hapo ndipo ilipotoka ile sauti. Haikuwa yako. Nzito, ya mwanaume aliyelala vizuri, kutoka ndani ya nyumba yangu:

“Anaitwa Amisi! Amisi Kitoga, fundi wa nguo! Kapiteni, unisikilize, mimi ni Shabani, shefu wa mtaa huu!”

“Na wewe unafanya nini hapo?” kapiteni akauliza.

Nilimpenda kapiteni kwa swali lile. Kama wasingekuwa wamenishika mikono ningempigia makofi.

“Nimekuja kuchinja!” akasema Shabani.

Neno hilo huku halisemwi ovyo. Askari waliokuwa wamekaa wakasimama. Nikasikia bunduki moja, klak. Mimi nikaanza kusoma shahada.

“Kuchinja nani?”

“Kuku, kapiteni! Kuku! Bwana yake hayuko, na kwetu mwanamke hachinji, basi wananiita mimi.” Halafu akavuta pumzi, na hapo akaamua kunimaliza. “Na hata akiwepo huyo Amisi, hachinji. Anaogopa damu. Idi zote kisu tunashika sisi majirani, yeye anageukia ukuta anasema anaangalia bati. Mutu yule mukimupa panga, atajikata yeye mwenyewe kwanza.”

Wakacheka. Hata kati ya wale saba ndani ya gari, mmoja alicheka. Kapiteni akafuta macho kwa kiganja.

“Iko na alama gani?”

“Kovu nyuma ya muguu wa kuume. Tulikuwa darasa la nne, tunaiba mapera kwa mapadri, akakwama kwenye waya. Mimi nilimubeba mpaka kwao.”

Wakanipandisha suruali mbele ya soko zima. Kovu likawepo, zuri kabisa, utafikiri lilikuwa linangoja siku yake. Kapiteni akalitazama, akanitazama, akasema, “Nenda, mzee. Suruali ya kaporali nabaki nayo. Na utafute karte ingine.” Akaishika ile suruali juu, akapima miguu kwa macho, akaongeza: “Hii muguu moja umeifupisha.”

Mtu wa kawaida angeanguka chini amshukuru Mungu. Nilimshukuru, ndiyo. Lakini nilipofika dukani na kuketi kwenye mashini, mguu wangu haukukanyaga. Nilikuwa ninaisikiliza tena ile simu kichwani. Wewe ulipokaa kimya, yeye alijibu papo hapo. Kwa hiyo simu ilikuwa karibu na mdomo wake. Karibu kiasi gani? Na sauti yake haikuwa ya barazani. Mimi nimekijenga chumba kile, ninajua jinsi kinavyorudisha sauti. Alikuwa sebuleni. Halafu akasema “wananiita mimi”, si “wameniita leo”. Wananiita! Tangu lini? Na kuna kitu kingine, wakati kapiteni anafikiri, nilisikia kijiko kinakoroga ndani ya kikombe. Taratibu. Kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda kwake.

Jioni ile ulinieleza. Mtoto wa Mwavita alikuwa na homa, mlitaka kumpikia mchuzi. Mvua ikamkuta Shabani barazani na kuku mkononi, mama mkwe akamwambia aingie. Na alikuwa amekuja pia na daftari la serikali, kuandika majina ya watu waliokimbia bunduki za Kabambare, ili wahesabiwe mahema ya msaada yakifika. Mwavita alikuwepo, mama yako alikuwepo, mvua ilikuwepo. Mashahidi watatu. Ninakubali.

Lakini kijiko hukukitaja.

Umecheka? Cheka. Sasa nikuambie lililo ndani, nisijifiche nyuma ya kijiko kama kijana wa miaka ishirini. Wewe sikutilii shaka, wala sikuwahi. Wivu wangu hauko kwako, uko kwake, na si kwa sababu ya kikombe tu. Mwavita alipofika barabarani na watoto, miguu imevimba, ni nani aliyekwenda kuwapokea? Yeye. Mimi nilituma ujumbe wa sauti, na ulikuwa mrefu, nilitoa pole mara nyingi sana. Bati la jikoni liliporuka, nani alipanda juu? Huku mimi ni mtu ambaye lazima aulizwe ni nani, na kule yeye ndiye anayeulizwa watu ni nani. Alilitaja jina langu kwa mdomo uliojaa, kama mwenye mali. Sijalisikia likitajwa hivyo tangu nilipoondoka.

Na lililo kubwa ni hili, ndilo linaloniamsha usiku. Angenyamaza tu. Wewe ulikuwa umekwama, nakuelewa, na yeye hakuna aliyemwuliza kitu. Angekoroga chai yake kidogo zaidi, hivi tu, na mimi ningekuwa wa nane ndani ya gari lile. Halafu miezi ingepita, habari zangu zisifike, na yeye yupo hapo, ana muhuri, ana nywele, hana mke, na anajua kuku wenu wote. Wala asingekuwa ametenda kosa. Lakini alipaza sauti kabla yako. Miaka yote hii ninajifariji kwamba nilimshinda, kumbe hata wema amenizidi. Hilo halivumiliki, Mama Mariamu. Mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Basi swali lako. Unarudi, ao nizoee?

Usizoee.

Nilikuja huku kwa sababu nilidhani mji wa kakao una watu wengi wanaotaka nguo mpya. Wapo, lakini siwezi kuendelea kuwashonea watu huku wewe unalindwa na mwingine. Kapiteni amekubali kuniandikia karatasi ya njia. Inasainiwa Jumatatu ijayo, kwa hiyo siwezi kufuatana na Lukali. Alhamisi yake kuna msafara wa malori yanayosindikizwa na askari mpaka Butembo. Kutoka pale Goma, kutoka Goma ndege mpaka Kindu, kutoka Kindu pikipiki na matope. Kichwa cha mashini nitakipakata mwenyewe, meza nitaiacha. Zile nguo za shule nitamwachia Mama Masika. Amesema atazitundika dukani kwake mbele, mahali ambapo mtu akipita barabarani anaziona. Amesema hatauliza kitu, atakayezitambua atazichukua.

Njia ile wale wanaivizia, hata malori yakiwa na askari. Nakuambia mimi mwenyewe, usije ukaambiwa na mwingine. Ninaogopa. Unajua nilivyo, hata kuku ananitisha. Lakini nimejaribu woga wote wawili, wa barabara na ule wa kubaki hapa nikisikiliza simu, na ule wa pili ndio unaninyima chakula.

Nikifika, usinifanyie sherehe. Nipe maji ya kuoga na kazi. Kama kuna mtu wa kuandikwa kwenye daftari, nitashika kalamu. Kama Mwavita anataka kurudi Kabambare siku askari watakapotuliza kule, mimi ndiye nitakayemsindikiza. Nitakuwa nyuma yake, lakini nitakuwepo.

Msalimie mama mkwe wangu, mwambie ninamheshimu, ila mvua ikinyesha tena ana ruhusa ya kumwacha mtu alowe kidogo. Msalimie shemeji Mwavita na wanawe wote, hasa yule wa homa. Msalimie binti yetu Mariamu na mkwe wetu mchimbaji. Msalimie mwalimu wa madrasa, na jirani yetu fundi wa baiskeli, ambaye najua ataomba barua hii aisome, usimpe.

Na Shabani. Nimempigia mara mbili nimshukuru mwenyewe, na mara zote mbili nimekata kabla hajapokea. Basi mwambie wewe. Mwambie nimesema asante kwa maisha yangu, na kwamba sikusema kwa mzaha. Mwambie kwa maneno machache, mlango ukiwa wazi, naye akiwa amesimama nje.

Mumeo,
Amisi Kitoga